Mgeni Aliyekwenda Magofuni na Sanduku

Kama Fimbo angelitazama vizuri lile sanduku asubuhi ile, pengine angejiuliza swali moja dogo: mtu anayekwenda kuona magofu kwa nusu siku anabeba sanduku la nini? Lakini siku ya meli hakuna anayejiuliza maswali. Kwenye lango la bandari madereva wa teksi hugombania abiria, wauza kofia humvisha kila anayepita kabla hata hajakubali, na kiongozi wa watalii aliyekodiwa na mgeni mmoja peke yake hujiona mfalme mbele ya wenzake wanaongoja makundi ya watu arobaini.

Siku hiyo mfalme alikuwa Fimbo. Jina hilo alipewa kwa sababu ya fimbo nyembamba aliyoitumia kuonyeshea kuta na milango, na lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata karani wa lango, aliyemjua kwa miaka kumi na minane, angelazimika kutazama kitambulisho ili akumbuke jina lake halisi. Na kitambulisho hicho ndicho kilichoweka chakula mezani na watoto wawili katika shule ya bweni. Utaratibu wa bandari ulikuwa hivi: kiongozi anayemchukua mgeni wa faragha anaacha kitambulisho chake kwenye kisanduku cha karani na kutia saini fomu ya kijani. Mgeni akisharudi na kupanda ngazi ya meli, kiongozi anarudishiwa kitambulisho. Utaratibu huo uliwekwa baada ya jamaa mmoja kuwasahau wageni wawili ufukweni, meli ikaondoka, na yeye hakuonekana tena katika kazi hiyo.

Aliyemkodi alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, shati limepigwa pasi vizuri, macho mekundu ya mtu asiyelala. Mgeni mwenyewe alikuwa mama yake. Bibi alisimama pembeni na sanduku lake la magurudumu, mtandio kichwani, akiwatazama wauza kofia kwa furaha. Mwanawe alilipa siku nzima badala ya nusu, tena zaidi ya bei, na Fimbo akaona si adabu kubishana na mtu anayeongeza. Fomu pia yule mwana alikuwa ameshaijaza mwenyewe ili kumwondolea Fimbo usumbufu.

Fimbo akatia saini juu ya dirisha la karani, haraka haraka, kwa ule mkia mrefu aliojivunia tangu shule. Karani, huku akizozana na dereva wa teksi, akagonga muhuri bila kushusha macho.

"Ndani ya sanduku kuna dawa na sweta," yule mwana alieleza. "Hapendi kutengana nalo. Usimkimbize, kaka. Hana haraka."

"Niachie mimi," Fimbo akajibu. Maneno hayo aliwaambia wageni wote.

Mwana akamfunga mama yake mtandio, akaufungua, akaufunga tena. Kisha akapanda ngazi ya meli moja kwa moja bila kugeuka, na Fimbo akadhani anawahi kifungua kinywa.

*

Magofu yale ni nyumba moja kubwa ya mawe isiyo na paa, yenye ua, kisima, na vyumba vinavyofuatana hadi cha mwisho nyuma kabisa. Fimbo alikuwa na maneno yake kwa kila kituo, na mizaha yake kwa kila kituo pia. Chumba cha mwisho alikiwekea akiba. Tangu mlangoni alikuwa akikitaja, "subirini tufike chumba cha mwisho," ili wageni wasichoke njiani. Kisimani huwaambia wageni kwamba atakayechungulia kwa muda mrefu atamwona mama mkwe wake. Wageni wote hucheka. Bibi hakucheka. Alichungulia kwa muda mrefu sana, kisha akasema hajamwona mtu.

Hapo Fimbo akaanza kuchanganyikiwa kidogo. Alizoea wageni wanaouliza umri wa kuta na vyoo vilikuwa wapi. Huyu alitaka kujua nani anafagia. Alipoambiwa wapo vibarua, alisifu kazi yao, lakini akasikitika kwamba hakuna paa.

"Mvua ikinyesha mnafanyaje?"

"Tunafunga, mama. Hakuna ziara."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa melini, unakunywa chai."

Bibi alimkazia macho, akasema "Aa." Fimbo akacheka peke yake, kwa kuwa alifikiri huo ulikuwa mzaha na hakutaka aonekane ameukosa. Katika chumba cha tatu bibi akauliza kama kitanda kitawekwa ukutani au dirishani. Fimbo akajibu kwamba wenyeji wa zamani walilala ukutani. Bibi akasema yeye angependa dirishani.

Kwenye meko Fimbo akasimama, akashusha sauti, akatoa yale maneno ambayo huwafanya wageni wanyamaze. "Siku moja waliondoka wote. Wakaacha vyungu juu ya mafiga. Hakuna ajuaye walikwenda wapi."

"Na wazee wao?" bibi akauliza. "Wale wasioweza kutembea. Waliwachukua?"

Kwa miaka kumi na minane hakuna mgeni aliyewahi kuuliza hivyo. Fimbo alikuna kichwa kwa ncha ya fimbo, akasema historia haielezi. Jibu hilo halikumridhisha hata yeye mwenyewe.

Bibi hakuwa na haraka, na alasiri ilikuwa imefika jua likiwa bado kali. Zikiwa zimebaki hatua chache kufika chumba cha mwisho, kamba ya kiatu cha kushoto cha bibi ikafunguka, na yeye akayumba. Fimbo akamkalisha kwenye jiwe, akapiga magoti, akaifunga kamba. Aliponyanyua uso, bibi alikuwa ameuweka mkono kichwani mwake, anatabasamu kwa machozi.

"Ndiye wewe," alisema. "Kumbe alisema kweli."

Fimbo akaamua ni jua. Nyumba yake ilikuwa hatua mia mbili tu nyuma ya kibanda cha tiketi, na ingawa ilikatazwa kumpeleka mgeni nyumbani kwa kiongozi, ilikatazwa zaidi mgeni kuzimia mikononi mwa kiongozi. Akalikamata sanduku, akashangaa uzito wake, akamwongoza bibi taratibu hadi kwake.

*

Mkewe alikuwa fundi wa nguo. Alifanyia kazi katika chumba kidogo kilichokuwa cha watoto, cherehani dirishani, na siku hiyo alikuwa na sare kumi na mbili za shule za kumaliza. Alipomwona mume wake anaingia na mtalii na sanduku, alitema pini mkononi ili apate nafasi ya kusema.

Alisema kwa kunong'ona, lakini alisema. Alikumbusha kanuni za bandari, kwamba kitambulisho kiko kwa karani, kwamba nyumba haijafagiliwa, na kwamba mgeni wa meli akitoka hapa ataandika malalamiko kuhusu kiti kilichovunjika mguu. Kisha akageuka, akasema "Shikamoo, mama" kwa sauti tofauti kabisa, akaenda kuleta maji.

Bibi alikunywa maji yote. Akatazama juu, akamgeukia Fimbo. "Huku kuna paa," alisema kwa kuridhika. Akavua viatu, akavipanga mlangoni kando ya vile vya mke wa Fimbo, ncha zikielekea ukutani. Akaenda chumba cha cherehani, akapapasa ukuta, akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Mke wa Fimbo alimfuata nyuma, hajui kama amzuie au amsaidie.

"Mama ana dawa za mchana?" hatimaye akamwuliza mumewe.

"Ziko kwenye sanduku."

Mkewe akalilaza sanduku sakafuni mwa chumba kile na kufungua zipu.  Halafu akaita, "Baba watoto, njoo uone," na Fimbo akajua kwa sauti ile kwamba mambo si mazuri.

Kulikuwa na magauni saba yaliyokunjwa. Kulikuwa na sweta, ndiyo, na koti zito, na nguo za ndani zilizopangwa kwa rangi, jozi mbili za viatu, kitana, miwani ya akiba, na picha ya arusi ndani ya fremu, imeviringishiwa taulo. Dawa zilijaa mfuko mzima. Juu ya mfuko ilibandikwa karatasi yenye mwandiko mzuri ulionyooka: kidonge cheupe asubuhi, cha njano baada ya kula, chai asipewe baada ya saa kumi kwa sababu hatalala, taa ya ukumbini isizimwe. Mstari wa mwisho uliandikwa, "Akianza kulia, mwulizeni habari za paka wake." Hapakuwa na salamu wala jina.

"Labda wazee hubeba kila kitu," Fimbo akasema. "Wanaogopa wizi wa kwenye meli."

"Dawa za miezi mitatu? Na picha ya ukutani?"

"Mimi nitajuaje, mama watoto? Nimepewa mgeni, nimemtembeza."

Mkewe akainuka na ile karatasi mkononi, akaenda kuchutama mbele ya bibi, aliyekuwa amekalia kitanda cha watoto kilichogeuzwa meza ya kukatia vitambaa. Akamwuliza kwa upole mwanawe alimwambia anakuja kufanya nini huku. Bibi akashangaa kwamba hawajui. Mwanawe alipita hapa mwaka jana, peke yake, katika kundi la watu wengi. Aliporudi nyumbani usingizi ulimjia usiku ule kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Alisema amemwona mtu anamfunga kamba za viatu bibi mmoja hata si wa kundi lake," bibi akaeleza, akimwonyesha Fimbo kwa kidevu. "Akaniambia, mama, nimempata mtu. Mtu mpole, anaongea sana."

 Fimbo alijaribu kumkumbuka huyo bibi wa mwaka jana, lakini hakumpata. Wageni wangapi wameshafunguka kamba pale kwenye mawe? Kufunga viatu vyao ilikuwa sehemu ya kazi, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna mtu nyuma anaangalia na kupanga.

"Meli inaondoka saa ngapi?" mkewe akauliza.

"Kumi na moja."

Ilikuwa saa kumi na dakika tano. Mkewe alishaanza kurudisha magauni sandukuni, bila kuyakunja.

*

Bandarini karani alikuwa anafunga mahesabu ya siku. Alipomwona Fimbo tu, alifungua kisanduku akamrushia kitambulisho.

"Hicho hapo. Leo umekawia."

"Mgeni wangu hajapanda," Fimbo akasema, akihema, mkewe na bibi wakimfuata nyuma na sanduku.

"Hapandi."

Fimbo alidhani hakusikia vizuri. Karani akavuta fomu moja kutoka kwenye rundo la kijani na kuigeuza ili asome. Ilikuwa ya kijani kama zote, lakini juu haikuandikwa abiria anayetoka na kurudi. Iliandikwa abiria anayemaliza safari. Jina la bibi lilikuwa limejazwa, na mzigo wake: sanduku moja. Chini kabisa, mahali palipoandikwa mpokeaji, ulilala ule mkia mrefu wa saini ya Fimbo, na juu yake muhuri wa karani.

Walitazamana. Karani alikuwa mtu mwema, mwenye familia kama Fimbo, na kwa nukta chache alitaka kusema kwamba hata yeye hakusoma. Halafu akaukumbuka ule muhuri, na mkubwa wake, na miaka minne iliyobaki kabla ya kustaafu. Uso wake ukafungwa.

"Wewe ndiye mpokeaji," alisema. "Mimi ninajuaje kama ni shangazi yako au nani?"

Hata hivyo alipiga redio melini. Jibu likaja kwamba abiria huyo amemaliza safari kwa hiari, chumba chake kimeshasafishwa, na mwenye maswali awaandikie ofisini. Fimbo akakimbilia ngazi mwenyewe. Ofisa wa pale chini hakutaka kuzungumza naye hadi aiweke fimbo sakafuni, na Fimbo, mtu mzima, akaiweka, mbele ya madereva wa teksi waliokuwa wakimwita mfalme asubuhi. Alijieleza mara mbili. Mara ya kwanza alieleza tangu kisimani na ofisa hakuelewa. Mara ya pili alieleza tangu kwenye fomu, na ofisa alielewa zaidi ya ilivyotakiwa, kwani alimwuliza kama saini ni yake au si yake. Ni yake, Fimbo akasema. Basi, ofisa akasema. Na ngazi ikaanza kupanda.

Ndipo mke wa Fimbo alipomwona yule mwana. Alikuwa ghorofa ya nne ya meli, amesimama peke yake, mikono yote miwili imeshika chuma. Mke wa Fimbo alitaka kupiga kelele, amtaje alivyo mbele ya meli nzima, na maneno alikuwa nayo, lakini kutoka pale chini hakuona uso wa mtu mkatili. Aliona mtu aliyechoka hadi mifupa. Kwa miaka minne yule mwana alikuwa akiamka mara tano kila usiku, kazi ilishamwacha, na mke pia. Alikuwa amejiambia kwamba atapiga simu baada ya wiki moja, na wakati ule, ameshika chuma, aliamini kabisa kwamba atapiga.

Bibi naye akamwona. Akainua mkono juu, akaupunga kwa nguvu.

Yule mwana aliinua wake nusu, ukabaki hapo.

"Mpungieni," bibi akawaambia wawili hawa. "Mbona mmesimama tu? Anaenda safari ndefu, atafikiri tumemkasirikia."

Honi ya meli ikalia. Mke wa Fimbo, akiwa bado na hasira inayomchoma kifuani, alijikuta mkono wake uko juu. Na Fimbo pia akapunga, kwa mkono uleule ulioshika kitambulisho, kikawa kinaning'inia kwenye kamba yake na kuyumba huku na huku mpaka meli ilipogeuka.

Karani alitoka kibandani kuwaambia kwamba ofisi ya ustawi wa jamii imeshafungwa na itafunguliwa Jumatatu. Wangepaswa kwenda na nakala ya fomu, na huko nako wangeulizwa kuhusu saini. Alisema pole. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

*

 Njiani Fimbo alivuta sanduku, na gurudumu moja lilikuwa limeshalegea. Kichwa chake kilizunguka mambo mengi yasiyounganika: sare kumi na mbili, ada ya muhula, kidonge cha njano, na kama kumpokea mtu ambaye hukujua unampokea ni kosa la mtu fulani au ni kitu kinachotokea tu. Hakuelewa. Alijaribu kumchukia yule mwana, akashindwa kwa sababu kila alipofika karibu na chuki alikumbuka ule mtandio uliofungwa mara mbili. Akajaribu kumhurumia, akashindwa pia.

"Hadi Jumatatu," mkewe hatimaye akasema, kwa shingo upande. "Jumatatu tunaenda wote watatu, nami nitasema mwenyewe, maana wewe ukianza kueleza unaanzia miaka mia sita iliyopita."

Walipofika kwenye kibanda cha tiketi, bibi akasimama. Alikumbuka jambo moja katika siku nzima, na alilikumbuka sawasawa. Walilipia ziara, akasema, na haijaisha. Ameahidiwa chumba cha mwisho.

Fimbo alitaka kukataa, lakini mlinzi alishafungua mlango. Wakaingia wote watatu. Mke wa Fimbo aliishi hatua mia mbili kutoka pale tangu aolewe na alikuwa hajawahi kukanyaga ndani. Hakuna aliyewahi kumkaribisha, na yeye hakuwahi kuomba. Alitembea kwa uangalifu katikati ya vyumba visivyo na paa, ameshika mkono wa bibi, na hakujulikana nani anamwongoza mwenzake.

Chumba cha mwisho ni kidogo, ukuta wake mmoja una kiti cha jiwe kilichochongwa humohumo ukutani. Fimbo akasimama mahali pake pa kila siku, akainua fimbo. Alisema kwamba hiki kilikuwa kiti cha mlinzi wa nyumba, aliyekaa hapa mchana na usiku akilinda mali ya wenyeji.

Bibi akakalia kile kiti. Kilimtosha. Akaegemea, akanyoosha miguu, akatazama mbele. Mbele palikuwa na mlango mpana, na kupitia mlango huo yalionekana yale meko ya asubuhi, na hapakuonekana kitu kingine.

"Mlinzi gani anakaa kwa kutazama jikoni?" akauliza. "Hapa palikuwa pa mtu mzee. Walimweka awaone wakipika, asiwe mpweke."

Fimbo alishusha fimbo. Alitazama meko, akatazama kiti, na maneno yote ya miaka kumi na minane yakamwishia mdomoni. Mkewe naye alikitazama kile kiti. Jiwe lilikuwa limelika katikati, mahali pa kukalia, na ilionekana wazi kwamba mtu fulani alikaa pale kwa miaka mingi sana.

"Sasa," bibi akasema, "chumba changu ni kipi?"

Fimbo akamgeukia mkewe.

"Kile chenye dirisha, mama," mkewe akasema. "Lakini cherehani siiondoi. Hadi Jumatatu, na cherehani inabaki palepale."

"Usiiondoe. Napenda kumsikia mtu anafanya kazi."

Wakamwinua, huku mmoja na kule mmoja. Alipopiga hatua ya kwanza, Fimbo akaona kwamba kamba ya kiatu cha kushoto imefunguka tena. Akasimama. Akatazama nyuma, akatazama juu ya kuta, akatazama mlangoni kama kuna mtu anayemwangalia. Hapakuwa na mtu. Ndipo akapiga magoti.